Mamba muntu juu ya posheti: mufundi wa picha naye ni mufanyakazi

Wandugu wafanyakazi, na ninyi ba mama wa kambi, mara nyingi tunawaandikia juu ya mushahara, juu ya vumbi ya mugodi, juu ya mizani ya uongo ya wanunuzi wa mawe. Leo tunasema juu ya kazi ingine, yenye watu wengi hawaioni kama ni kazi: kuchora picha ya diski.

Sababu ni hii. Vijana wa kambi yetu, watoto wa wachimbaji, wametengeneza nyimbo sita juu ya hadisi za bankambo: mamba muntu wa Lualaba, batumbula wenye walikuwa wanakamata watu usiku, mizimu yenye kulinda mulima wa shaba. Kuimba kulikwisha. Kulibakia picha ya posheti. Walikuja ku sindika kuuliza namna ya kufanya. Mumoja akasema: tutoe paka picha moja mu telefone, ni bule. Tukamujibu: hapana. Picha ya mu telefone iko na mwenyewe, hata kama haumuoni. Tena, kama kuko kitu kimoja chenye mafundi wa Katanga wanajua kuchora, njo mamba muntu.

Picha ya ku ukuta wa saluni

Wakubwa wanakumbuka. Miaka ya 1970, mu nyumba nyingi za Lubumbashi na miji ingine ya mugodi, mamba muntu alikuwa ku ukuta wa saluni: nusu mwanamuke, nusu samaki, nywele ndefu, saa ku mukono, nyoka karibu naye. Watu walisema anatoa utajiri, lakini bei yake ni kali: siri, ao mutu wa jamaa yako. Mafundi walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakatembeza picha nyumba kwa nyumba.

Mu mafundi wale kulikuwa Tshibumba Kanda Matulu, muzaliwa wa Elisabethville, mwaka 1947. Mu 1973 na 1974, alimuchorea mwalimu wa chuo kikubwa, Johannes Fabian, picha karibu 100 za historia ya inchi yetu. Kitabu juu ya picha zile kilitoka Amerika mu 1996. Lakini Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zilipotea. Picha ziko mu vitabu, mwenye kuzichora hatujui alifikia wapi.

Musifikiri ni huku kwetu tu. Mu 1967, Peter Blake na bibi yake Jann Haworth walitengeneza picha ya diski ya Beatles, ile ya Sgt. Pepper. Walilipwa livre 200 za Uingereza, na haki ya picha haikubakia kwao. Mu 1970, mwanafunzi mumoja, John Pasche, alichorea Rolling Stones midomo yenye kutoa ulimi. Wazo lilitoka ku picha ya Kali, mungu mwanamuke wa Wahindi. Alilipwa livre 50, nyuma wakamuongezea 200. Mu 2008, musée moja kubwa ya London ilinunua muchoro ule wa kwanza kwa livre 50.000. Kama watu wa masomo vile walianza na bei ile, mufundi wetu wa kambi je?

Eleza wimbo, usieleze muchoro

Vijana walikwisha kuwa na mawazo yao: walitaka jitu lenye mabawa na moto mu kinywa, namna ya filme. Mufundi, mwenye alichimba pamoja nasi miaka mingi mbele ya kushika pinso, hakukataa. Aliomba paka kusikiliza nyimbo. Alisikiliza mara tatu, nyuma akauliza: «Mamba muntu wenu anakaa wapi?» Hakuna mwenye alijibu haraka. Mwisho kijana mumoja akasema: mu maji ya shimo, kule wakubwa walichimba na wakaacha.

Njo vile picha ilizaliwa. Mamba muntu ameikala pembeni ya maji ya kijani ya shimo, saa ku mukono, na pahali pa kioo anashika kasike ya muchimbaji. Ku Lagos pia, Lemi Ghariokwu, mwenye alichorea Fela Kuti posheti 26 kuanza 1974, alichora mawazo yake mwenyewe juu ya wimbo. Ukimupatia mufundi kila musitari, unamufanya kuwa mashini. Ukimupatia wimbo, anakurudishia kitu chenye haukujua.

Tulionyesha muchoro wa kalamu kwa wazazi mbele rangi haijaingia. Mama mumoja, mwenye mutoto wake alibakia chini ya udongo, alitazama kasike na akanyamaza. Vijana wakasema tuitoshe. Yeye akajibu: «Muiache. Lakini musiandike matrikule juu yake.» Mufundi alifuta namba. Kama rangi ilikwisha kukauka, kufuta kungekuwa shida na kungeleta mabishano ya feza. Kwa hiyo, muchoro wa kalamu kwanza, kila mara.

Karatasi mbele ya rangi

Mufundi yule alikwisha kuumia. Kitambo, mutu mumoja wa muziki alinunua kitambaa chake, nyuma akachapisha picha ile juu ya mashati na kuuza. Mufundi hakupata hata franka moja zaidi. Ni sawa na kumwanga mufuko wa mawe mbele ya kupatana bei.

Sheria iko. Sheria 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda picha sawa vile inalinda wimbo, na tangu 2011 kuko SOCODA yenye kusimamia haki hizo, pahali pa SONECA ya zamani. Kununua kitambaa ni jambo moja. Kupata ruhusa ya kuchapisha picha ni jambo lingine. Tuliandika mambo matano:

1. Bei ni dolari 120: 60 mbele ya kuanza, 60 siku ya kupokea picha. Rangi na kitambaa vinalipwa mbali.
2. Mufundi anaonyesha muchoro wa kalamu, na anarekebisha mara mbili bila kuongeza bei.
3. Picha ni ya posheti na ya tangazo la diski hii. Mashati ao kalendari, tunapatana upya.
4. Jina la mufundi linaandikwa nyuma ya posheti, na hakuna mwenye kukata ao kubadilisha picha bila kumuuliza.
5. Kitambaa chenyewe kinabakia kwa mufundi.

Wamoja walituuliza: sasa sindika inaingia mu mambo ya muziki juu ya nini? Juu ya hii: watoto wetu wanaona namna tunapigania mushahara wetu. Kama diski yao ya kwanza inatoka juu ya jasho ya mutu mwenye hakulipwa, wamejifunza nini kwetu? Mamba muntu wa hadisi anatoa utajiri na anakula mutu wa jamaa. Sisi tusifanye vile.

Karatasi ya mufano iko ku biro ya sindika. Kuja kuisoma ni bule.