Marejeleo ya Mswada wa Makala ya Kisayansi: Istilahi na Majina ya Watu

Mswada wa makala ya kisayansi huweza kurudishwa kwa mwandishi kwa sababu nyingi. Iko moja ambayo haihusu sayansi yenyewe hata kidogo, nayo ni kwamba marejeleo yake hayafuatiki. Mhariri anaona katika matini "Mohamed (1976)", anakwenda mwisho wa mswada, anakuta akina Mohamed wawili, na hana njia ya kujua ni yupi aliyekusudiwa. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi marejeleo yanavyopangwa, na hasa kuonyesha mahali ambapo kanuni zilizotungwa kwingine hazikai sawasawa juu ya lugha yetu na majina yetu.

Yafaa tuanze na istilahi, maana hapo ndipo mchafuko unapozaliwa. Neno "nukuu" tumelitwisha mizigo miwili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuhamisha au kunakili; anayenukuu huyachukua maneno ya mwenzake kama yalivyo na kuyatia katika alama za kunukuu. Lakini anayetaja kitabu ili kuonyesha kwamba hoja fulani imetoka humo, pasipo kuchukua maneno yenyewe, hakunukuu, amerejelea. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi wake "nukuu vitabu vitano" asishangae akiletewa aya tano zilizonakiliwa neno kwa neno. Kwa hiyo twapendekeza "kunukuu" kubaki kwa maneno, na "kurejelea" kuwe kwa hoja. Orodha ya mwisho nayo iitwe "marejeleo", wala si "marejeo", kwani marejeo ni kurudi, kama mtu arudivyo kutoka safarini. "Bibliografia" ni pana zaidi: huweza kuingiza hata vitabu ambavyo havikutajwa katika matini. Majarida mengi ya sayansi hayaitaki. Yanataka kila kilichotajwa kiwe katika orodha, na kila kilicho katika orodha kiwe kimetajwa.

Mitindo ya kurejelea ni mingi, lakini misingi yake mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni wa jina na mwaka, ambao kwa kawaida chanzo chake huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika maandishi yake ya 1881 kuhusu koa. Wa pili ni wa namba, unaotumiwa sana katika majarida ya tiba; kanuni zake zilitokana na mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver, Kanada, 1978. Katika mtindo huu kila chanzo hupewa namba kwa kufuata mahali kilipotajwa mara ya kwanza, na namba hiyo haibadiliki hadi mwisho wa makala.

Hapa mfasiri ana mtego wake. Sentensi ya Kiingereza ikigeuzwa kwa Kiswahili, mara nyingi sehemu yake ya nyuma huja mbele, na namba huja pamoja nayo; ndipo msomaji akutanapo na [5] kabla ya kuiona [4]. Wako wanaohesabu upya, na wako wanaoziacha namba kama zilivyo. Sisi twaona kwamba tafsiri inayotolewa kama tafsiri izihifadhi namba za asili, ili mtu aweze kulinganisha matini mbili; bali mswada unaopelekwa kwa jarida kama makala mapya hauna budi kuhesabiwa upya tangu mwanzo. Jambo jingine ambalo mfasiri hana ruhusa nalo ni kufasiri kichwa cha kitabu ndani ya orodha. Msomaji atakayekwenda maktaba kuulizia kichwa cha Kiswahili cha kitabu ambacho hakijapata kutolewa kwa Kiswahili atarudi mikono mitupu. Kichwa kibaki katika lugha yake, na tafsiri, ikihitajika, ifuate katika mabano ya mraba.

Sasa tuje kwenye majina. Kanuni za kigeni hudhani kwamba jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu, mara nyingi, jina la mwisho ni la baba, au la babu. Tukiandika "Robert (1951)" tukikusudia mtungaji wa Kusadikika, tumemtaja kwa jina la babaye, na mwanafunzi asiyekijua kitabu huenda akadhani ni Mzungu. Katika mazungumzo hakuna asemaye "Robert anasema". Husemwa "Shaaban Robert". Hali ni mbaya zaidi kwa washairi wa zamani. Diwani ya Muyaka bin Haji ilihaririwa na William Hichens ikatolewa 1940. Akiandikwa "Haji, M.", ushairi wote umehamishiwa kwa mzee wake, ambaye hatujui kama aliwahi kutunga hata ubeti mmoja. Muyaka aingizwe chini ya M, jina lake likiwa zima, na Hichens atajwe baada yake kuwa mhariri.

Turudi kwa akina Mohamed wawili. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema mwaka 1976, na Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano mwaka 1980. Wote wawili ni waandishi wa riwaya, na wote ni wa Zanzibar. Anayewarejelea pamoja hana budi kutia herufi za mwanzo hata ndani ya matini: "M.S. Mohamed (1976)", "S.A. Mohamed (1980)". Miaka ikigongana, wako wanaokimbilia kuandika "a" na "b" baada ya mwaka. Hilo ni kosa, kwa sababu herufi hizo hutenganisha vitabu viwili vya mtu mmoja. Zikitumiwa hivyo, watu wawili wamefanywa mmoja, na mmoja wao amenyang'anywa kazi yake.

Vifupisho tutavipitia upesi. Badala ya et al. ya Kilatini tunayo "na wenzake", nayo yatosha. Ukurasa ni "uk.", kurasa ni "kur.", na kitabu kisichoonyesha mwaka kiandikiwe "b.t.", yaani bila tarehe. Mhariri ni "mh.", kwa herufi ndogo, baada ya jina. Mpiga chapa akiikuza herufi ya kwanza na kuitanguliza, mhariri wa watu amekwisha kuwa Mheshimiwa.

Lakini neno "toleo" linahitaji uangalifu zaidi ya hayo yote. Kwa mazoea yetu linabeba namba ya jarida, na kitabu kilichosahihishwa na kutolewa upya, na hata kule kuchapwa tena bila badiliko lolote. Twapendekeza jarida liwe na "juzuu" na "namba". Kuchapwa tena kuwe "chapa". Na "toleo" libaki kwa kitabu kilichobadilishwa. Tofauti hii si ya kupamba orodha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitolewa 1981, na toleo lake la pili likatoka 2004. Mtumishi wa serikali anayetetea maana ya neno katika waraka akaandika "TUKI" tu, bila mwaka, hajatwambia ni toleo lipi la kamusi hiyo, wala aliye upande wa pili wa ubishi hana pa kufungua.