Mafuta ya Samaki, Moyo na Saratani: Faida Zake na Mipaka Yake

Wagonjwa wa shinikizo la damu, kisukari na moyo huuliza mara nyingi iwapo vidonge vya mafuta ya samaki vinaweza kuwalinda, na wengine huuliza iwapo vinaweza kushika nafasi ya dawa walizoandikiwa na daktari. Maswali hayo yanastahili kujibiwa kwa uangalifu, kwa kuwa katika yanayosemwa juu ya mafuta hayo umo ukweli, na imo pia chumvi iliyotiwa na wauzaji.

Samaki wenye mafuta mengi, kama vile vibua, jodari na jamii za dagaa, wana asidi za mafuta zinazoitwa omega-3. Mbili zilizo muhimu zaidi hujulikana kwa vifupisho vya EPA na DHA. Samaki hawazitengenezi wenyewe kwa wingi, bali huzipata kutokana na mimea midogo mno ya majini iliyo chanzo cha mlolongo wa chakula chao. Mwili wa binadamu nao huzitengeneza kwa kiasi kidogo tu, hivyo hauna budi kuzipata katika chakula.

Zikishaliwa, asidi hizo huingia katika kuta za seli na kuchukua sehemu ya nafasi ya asidi nyingine, ambayo hutumika kutengeneza kemikali zinazochochea uvimbe na kuganda kwa damu. Matokeo yake ni kwamba chembe sahani za damu hazishikamani kwa urahisi kama awali. Aidha, ini hupunguza utengenezaji wa trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu, na shinikizo la damu hushuka kidogo.

Ushahidi mmoja ulipatikana Tanzania. Mwaka 1996 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao wa Lugalawa, uliowalinganisha wanakijiji wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaokula samaki kwa wingi, na wenzao wa milimani ambao chakula chao kilikuwa cha mimea. Walaji wa samaki walionekana kuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, pamoja na lehemu na trigliseridi chache katika damu. Hata hivyo, ulinganisho wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kisababishi, kwa kuwa watu wa ziwani na wa milimani huweza kutofautiana kwa mambo mengine pia.

Kwa sababu hiyo watafiti waligeukia majaribio ya tiba. Huko Wales, mwaka 1989, jaribio la wanaume 2,033 waliopona mshtuko wa moyo lilionyesha kwamba walioshauriwa kula samaki wenye mafuta walipungukiwa na vifo kwa asilimia 29 katika miaka miwili. Lakini jaribio la VITAL la Marekani, lililotangazwa mwaka 2018 na kuwahusisha watu 25,871, liliwapa washiriki gramu 1 ya omega-3 kwa siku, na halikuona upungufu wa maana wa matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa ujumla, wala wa saratani.

Kuhusu saratani, hoja ya kibiolojia ipo: uvimbe wa muda mrefu husaidia seli zilizoharibika kukua, na omega-3 hupunguza kemikali za uvimbe huo. Baadhi ya tafiti zimehusisha ulaji wa samaki na upungufu wa saratani ya utumbo mpana, lakini ushahidi huo bado ni dhaifu. Mgonjwa asiahidiwe kwamba mafuta ya samaki yatamkinga na saratani, na aliyekwisha kuugua asicheleweshe matibabu kwa kuyategemea.

Vidonge vyenyewe havikosi madhara. Vipimo vikubwa vimehusishwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A nyingi, ambayo ikizidi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda sharti amweleze daktari kabla ya kuanza vidonge hivyo.

Lililo jema zaidi ni samaki mwenyewe. Chama cha Moyo cha Marekani kinapendekeza milo miwili ya samaki kwa wiki, hasa wenye mafuta. Samaki huleta pia protini, na akishika nafasi ya nyama yenye mafuta mengi mlo wote hunufaika. Apikwe kwa kuchemshwa, kuokwa au kuungwa kwa mafuta kidogo, kuliko kuzamishwa katika mafuta mengi. Samaki wa chumvi, kama ng'onda, alowekwe na kuoshwa vizuri, na asiwe kitoweo cha kila siku kwa mwenye shinikizo la damu. Wajawazito waepuke papa na nduaro, ambao hukusanya zebaki mwilini.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa, bila kumlaumu, ni vidonge gani anavyonunua na ni dawa gani ameziacha. Fedha chache zilizopo zitangulie kununua dawa za shinikizo na kisukari, ambazo manufaa yake yamethibitishwa. Kitoweo cha dagaa kinaweza kufuata.