Jicho la Mzazi Hutunzwa Nyumbani

Je, nyumbani kwako yuko mzee anayekutambua kwa sauti tu, wala si kwa sura? Je, anajikwaa kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe? Je, ukimtazama machoni unaona mboni imekuwa nyeupe au ya kijivu? Basi makala hii inakuhusu. Isome taratibu, halafu wasomee na wenzako nyumbani.

Ugonjwa tutakaoueleza leo unaitwa mtoto wa jicho. Hapa Tanzania, ugonjwa huu ndio unaopofusha watu wengi kuliko magonjwa mengine ya macho. Lakini una tiba. Tiba yake ni upasuaji mdogo.

Daktari hufanya kazi yake kwa muda wa nusu saa hivi. Kazi inayobaki ni ya nyumbani, nayo huchukua mwezi mmoja au zaidi. Kazi hiyo ni yako wewe, mtoto wa mzee huyo. Jicho lililopasuliwa vizuri hospitali linaweza kuharibika nyumbani kwa kukosa matunzo.

MTOTO WA JICHO NI NINI?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna kitu kama kioo kidogo kisafi. Kinaitwa lenzi. Mwanga hupita hapo, nasi tukaona. Mtu akizeeka, lenzi hiyo huanza kuwa na ukungu, kama kioo cha dirisha kilichojaa moshi. Mwanga haupiti vizuri. Mzee huona giza kidogo kidogo, bila maumivu.

Sababu kubwa ni uzee. Kuumia jicho, ugonjwa wa kisukari na kuvuta tumbaku pia huleta ugonjwa huu. Hauambukizi. Si laana, wala si kazi ya jirani.

Hakuna dawa ya matone inayoondoa mtoto wa jicho. Hakuna majani yanayoondoa. Kutia jichoni maji ya majani, asali, mkojo au maziwa ya mama ni hatari. Vitu hivyo huleta vidonda na vijidudu, na jicho lililokuwa linatibika likafa kabisa.

Jambo jingine: si kila upofu wa uzeeni ni mtoto wa jicho. Upo ugonjwa wa presha ya jicho. Huo nao huleta giza polepole, lakini uwezo wa kuona uliopotea kwa presha ya jicho haurudi. Kwa hiyo mpeleke mzazi akapimwe mapema. Usikae nyumbani ukikisia.

ZUNGUMZA NA MZAZI KWA HESHIMA

Wazee wengi hukataa upasuaji. Wengine husema, "Mimi nimezeeka, nimeshaona ya kutosha." Wengine wameambiwa kwamba daktari hulitoa jicho nje, akalikwangua, akalirudisha. Wengine wanaogopa gharama, lakini hawasemi.

Usimwamrishe mzazi. Mwamkie, kaa karibu naye, msikilize kwanza. Kisha mweleze ukweli. Jicho halitolewi nje. Daktari huchoma dawa ya ganzi karibu na jicho ili lisiume. Hupasua mahali padogo, akaitoa ile lenzi yenye ukungu, akaweka lenzi mpya ya plastiki. Lenzi hiyo hukaa humo maisha yote. Kwa kawaida mzee hubaki macho, anasikia sauti ya daktari, lakini hasikii maumivu makali.

Kama katika kijiji chenu yuko mzee aliyekwisha kupasuliwa, mwombe aje kuzungumza na mzazi wako. Mzee humwamini mzee mwenzake.

Huenda mzazi akasema, "Namkumbuka fulani, alipasuliwa akapewa miwani minene, ilipovunjika akawa kipofu tena." Anasema kweli. Hata katika miaka ya 1980 wazee wengi walipewa miwani hiyo, kwa sababu hawakuwekewa lenzi mpya. Daktari Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949, mjini London. Njia hiyo ilichukua miaka mingi kufika kwetu. Siku hizi ndiyo njia ya kawaida.

Fikiri pia habari ya mjukuu. Mara nyingi fimbo ya kipofu hushikwa na mtoto ambaye wenzake wako darasani. Mzee akiona tena, watu wawili wamepona.

KABLA YA SIKU YA UPASUAJI

Anzia zahanati ya kijiji chenu. Tutampima mzazi na kumwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Upasuaji hufanywa katika hospitali nyingi kubwa. Mifano ni KCMC mjini Moshi, Mvumi mkoani Dodoma na CCBRT jijini Dar es Salaam. Mara nyingine madaktari wa macho hufanya kambi katika wilaya, kwa hiyo uliza. Uliza pia juu ya gharama na msamaha kwa wazee wasio na uwezo, kabla hamjauza mbuzi.

Kisha fanya haya:

1. Kusanya dawa zote anazotumia mzazi, za presha, za kisukari, za mkojo, hata za mitishamba. Mwonyeshe daktari. Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako.

2. Kama mzazi ana kikohozi, mwambie daktari. Mtu anayekohoa hawezi kutulia wakati wa kupasuliwa.

3. Asubuhi ya siku hiyo mzazi aoge, anawe uso kwa sabuni, na avae nguo safi. Asipake wanja wala mafuta usoni.

4. Juu ya kula na kunywa, fuata maagizo ya hospitali.

5. Nyumbani, fagia chumba chake na kufua shuka na foronya. Ondoa vitu njiani kuelekea chooni, kwa maana atarudi na jicho moja limefungwa.

KUTIA DAWA: KAZI YA KILA SIKU

Mzazi atarudi na chupa moja au mbili za matone. Dawa hizo huzuia vijidudu na uvimbe. Hapa ndipo kusoma kwako kunapookoa jicho. Ukiona pameandikwa 1 x 4, maana yake ni tone moja, mara nne kwa siku. Idadi hiyo huweza kupunguzwa baada ya wiki, kama daktari alivyoandika. Kama hukuelewa, uliza kabla hujaondoka hospitali. Hakuna aibu katika kuuliza.

Tia dawa hivi:

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni.

2. Mzazi alale chali, au akae na kuinua uso.

3. Vuta kope la chini taratibu kwa kidole. Usiligandamize jicho.

4. Dondosha tone moja ndani ya kope. Mdomo wa chupa usiguse jicho, kope wala kidole.

5. Mzazi afumbe jicho taratibu kwa dakika mbili. Asilikaze.

6. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika tano, kisha uitie.

7. Funika chupa na uiweke mahali safi, mbali na jua na watoto.

Chukua karatasi, andika siku za wiki. Kila unapotia tone, piga mstari mmoja. Kama dawa ni mara nne, jioni uone mistari minne. Ukienda shamba, mwachie mtu mmoja karatasi hiyo na kazi hiyo. Kazi ya watu wote mara nyingi haina mwenyewe.

Mkiona mzee anaona vizuri baada ya siku nne, msiache dawa. Kidonda cha ndani bado hakijapona. Maliza muda wote aliouandika daktari. Dawa ikimaliza kazi, usiiweke kwa ajili ya mtoto mwenye macho mekundu. Baadhi ya dawa hizo, zikitumika ovyo, huleta presha ya jicho.

MAISHA YA NYUMBANI

Kwa wiki mbili za mwanzo, au zaidi kama daktari alivyosema:

Mzazi asisugue jicho. Usiku afunike jicho kwa kile kifuniko kigumu cha plastiki alichopewa hospitali, kwa sababu mtu aliyelala hajui anachofanya. Alale chali, au kwa upande wa jicho zima.

Maji ya kisima na sabuni yasiingie jichoni. Mfute uso kwa kitambaa safi. Kama kope zina ukoko, chemsha maji, yaache yapoe, lowesha kitambaa safi, kisha futa kope zikiwa zimefumbwa. Anza upande wa pua kwenda nje.

Asiinue ndoo, asilime, asipasue kuni, wala asiiname sana. Mwekee viatu na fimbo mahali anapofikia bila kuinama. Kama ni mama, asipike kwenye moshi wa kuni. Hapo ndipo kina mama wengi hushindwa, kwa kuwa jiko ni lake na hapendi kuona wengine wakihangaika. Mpangie mtu wa kupika, na mwambie mama mapema kabla hajaenda hospitali.

Kama mzazi ni Mwislamu, aulize daktari na shekhe wake juu ya kutawadha na kusujudu katika siku hizo. Mgonjwa ana ruhusa zake.

Chakula chochote cha kawaida anaweza kula. Mpe mboga, matunda na maji ya kutosha, ili asipate shida chooni. Kujikamua kwa nguvu si kuzuri kwa jicho bichi. Anaweza kutembea polepole, kuzungumza na wageni na kusikiliza redio. Si lazima alale kutwa.

DALILI ZA KAWAIDA NA DALILI ZA HATARI

Siku za mwanzo jicho huwasha kidogo, kama lina mchanga. Hutoa machozi, huwa jekundu kidogo, na mwanga wa jua humsumbua. Kuona kwake ni kwa ukungu. Hayo ni ya kawaida, na yanapungua siku hadi siku.

Lakini ukiona moja ya haya, mpeleke hospitali siku ile ile:

- Maumivu makali, au yanayozidi.
- Wekundu unaozidi, au kope kuvimba.
- Usaha.
- Jana aliona, leo haoni vizuri.
- Anaona vimulimuli, au kitu kama pazia jeusi.
- Kichwa kinauma sana na anatapika.
- Jicho limegongwa.

Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Usiseme, "Keshokutwa ni siku ya mnada, gari litakuwapo." Vijidudu vikiingia ndani ya jicho, siku moja au mbili zinatosha kulipofusha moja kwa moja. Sisi wa zahanati hatuna vyombo vya kutibu hali hiyo, lakini tutakuandikia barua upesi, hata usiku. Ni vema familia iweke nauli ya dharura tangu siku ya kwanza.

Kama hakuna hatari, bado mrudishe mzazi kwa tarehe zake zote. Hata kama anaona, daktari lazima atazame ndani. Baada ya wiki nne hadi sita anaweza kupimwa miwani ya kusomea. Kama jicho la pili nalo lina ukungu, daktari atapanga siku yake. Na ikiwa baada ya miezi au miaka ukungu unarudi kidogo kwenye jicho lililopasuliwa, msikate tamaa. Nyuma ya lenzi huota utando, nao huondolewa kwa mwanga maalumu bila kupasua tena.

WAZEE WETU NA KUSOMA

Ndugu msomaji, wengi wa wazee hawa walikuwa vijana mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo. Wengine walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, kwa taa ya kibatari, baada ya kulima mchana kutwa. Leo herufi zile zile walizozihangaikia hawazioni.

Haba na haba hujaza kibaba. Tone moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, moja usiku. Ukitia kwa uaminifu, baba au mama atafungua gazeti hili mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wanaoongozwa kwa fimbo? Nani kati yao amepimwa macho?

2. Kwa nini haifai kutia majani au asali katika jicho?

3. Chupa imeandikwa 1 x 3. Utatia matone mangapi kwa siku nzima?

4. Taja dalili tatu za hatari baada ya upasuaji. Utafanya nini ukiziona usiku?

5. Nyumbani kwako, nani atapika na nani atatia dawa?