Fahamu: Kwa nini matibabu ya mifupa huchelewa Kindu

Mgonjwa wa mifupa husubiri pale hospitali ya umma inapokosa daktari bingwa, vyuma vya kushikilia mfupa au mashine ya picha za eksirei.

Umbali

Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kando ya mto Lualaba na barabara zake ni mbovu. Mashariki mwa Kongo, wagonjwa wengi walielekezwa Goma, iliko HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma na uwanja wake wa ndege ukafungwa.

Pesa

Gharama nyingi hubebwa na familia. Kwa hiyo wengi huanza kwa mganga wa jadi wa kuunga mifupa.

Madhara

Hapa ndipo penye uchungu. Ndani ya wiki chache mfupa huanza kujiunga vile ulivyo. Ukiwa umepinda, huenda ukalazimika kuvunjwa upya. Mfupa uliotoboa ngozi hauna subira: usiposafishwa mapema, vijidudu huingia ndani na mguu unaweza kukatwa. Paja lililovunjika lisipopasuliwa huvutwa kwa uzito, mgonjwa akilala wiki sita au zaidi huku ndugu wakiacha shamba kumhudumia.