Wikendi Ni Shamba, Msee

Manze, mwezi wa kumi umeingia, mvua inapiga, kakao ya Beni inaiva, na wewe bado umekaa Butembo ukihesabu moto zinapita? Zii. Wikendi hii plani ni moja: familia yote, shamba.

Rada iko hivi. Butembo ni juu, baridi, kahawa. Shuka barabara ya Beni, kilomita hamsini na kitu, joto linaanza, sweta inatoka, miti ya kakao hiyo hapo. Buda atakaa mbele na stori yake: "Sisi zamani tulitembea kwa miguu." Kila kilima, miguu. Kila daraja, miguu. Ongeza volyumu.

Viatu sasa. Raba nyeupe shambani ni aibu, tena aibu kubwa. Udongo wa huko haujui brandi. Vaa bote. Bote zenye tope ndiyo swag ya msimu.

Ukifika, pasua tunda. Panga moja, tak! Ndani mbegu zimevaa nyama nyeupe, tamu, ukali kidogo kwa mbali. Usitafune. Nyonya. Inabamba kushinda soda yoyote. Halafu mbegu zinafunikwa na majani ya ndizi, zinachacha siku tano, sita, ndiyo zinaanikwa. Zisipochacha, sahau ladha ya chokoleti.

Na bei iliwahi kuwa noma. Desemba 2024, kakao ilipita dola 12,000 kwa tani huko New York. Na bado kuna msee anatoa ganji ya wiki kwa chokoleti ya Ulaya, wakati Mbuga ya Virunga wana kiwanda chao cha chokoleti hapa hapa upande wa Beni! Nunua ya nyumbani, bana.

Kisha vitunga. Mama msusi anapasua mwanzi kwa kisu, vipande vyembamba, anavilowesha ndiyo visivunjike, anaanzia kitako anapanda. Vidole haviangalii hata. Hapo mathe wako atataka kukata bei nusu: "Enzi zetu hii ilikuwa makuta!" Mathe, makuta yalienda na Zaire. Lipa bei ya mwenye kusuka. Beseni la plastiki halifiki Krismasi, kitunga kitabeba maharage mpaka uoe. Na dem akikiona kwako, anajua huyu ni mtu wa maana.

Moja serious. Kuna wasee wa Beni wana shamba la familia na hawajalikanyaga miaka, juu waasi wa ADF wamelifanya mahali pa kufia. Kwa hivyo kabla ya kutoka, uliza wenyeji barabara iko aje. Wakisema hapana, ni hapana, hakuna ujanja.

Lakini kama la kwenu linafikika na hewa ni safi, unangoja nini? Jaza gari, beba wadogo wako, wafundishe kushika panga. Shamba lisilo na vijana linauzwa, na ukishaliuza hununui tena kwa bei hiyo.