Kisiwa Kidogo, Mabenki Makubwa

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili, mwaka 2008, wachumi wawili wa London walipeleka Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, ripoti waliyoagizwa kuiandika na mojawapo ya mabenki makubwa ya nchi hiyo, Landsbanki. Wachumi hao ni Willem Buiter, aliyepata kuwa mjumbe wa kamati ya Benki Kuu ya Uingereza inayopanga viwango vya riba, na mkewe Anne Sibert. Tarehe 11 Julai waliieleza mbele ya wachumi wa Benki Kuu ya Iceland, wa Wizara ya Fedha, wa makampuni na wa vyuo. Ikakubaliwa kwamba ripoti isitolewe hadharani, kwa kuhofia kwamba ingelitikisa soko. Mwezi wa Oktoba mabenki yote matatu makubwa ya nchi hiyo yalianguka katika muda wa wiki moja.

Tumeona yafaa kuieleza kazi hiyo katika safu hii, kwani inahusu kisiwa, na wasomaji wetu ni watu wa visiwani.

Iceland ilikuwa na watu wapatao 320,000, na kwa miaka mingi riziki yake ilitoka baharini. Mabenki yake yalikuwa kwa sehemu kubwa mali ya serikali, mpaka yalipouzwa kwa watu binafsi, kazi iliyokamilika mwaka 2003. Tangu hapo yakaanza kukopa ng'ambo na kukopesha ng'ambo, hata katika miaka mitano tu rasilimali zake zikafikia karibu mara tisa ya pato la taifa la mwaka mzima. Wakubwa wa nchi waliona fahari. Taifa la wavuvi limegeuka taifa la mabenki!

Buiter na Sibert hawakuanza kwa kuuliza kama mabenki hayo yana wizi au ubadhirifu. Walianza na jambo ambalo kila karani wa benki analijua. Benki hupokea fedha ambazo mwenyewe anaweza kuzidai kesho asubuhi, ikazikopesha kwa mtu atakayezirudisha baada ya miaka kumi au kumi na mitano. Fedha hizo zimo katika hoteli inayojengwa, katika meli, katika nyumba, hazimo sandukuni. Kwa hiyo hata benki iliyo nzima, yenye mikopo mizuri, haiwezi kuwalipa wateja wake wote wakija siku moja. Na kila mteja analijua hilo, ndiyo maana akisikia uvumi hukimbilia kuwa wa mwanzo kwenye foleni.

Dawa ya ugonjwa huu ni ya zamani. Mwingereza Walter Bagehot aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1873: hofu ikiingia, Benki Kuu na iyakopeshe mabenki yaliyo mazima bila ya kusita, kwa riba ya juu na kwa dhamana nzuri, mpaka hofu ipoe. Benki Kuu inaweza kufanya hivyo kwa sababu fedha ya nchi huitoa yenyewe. Mtu haogopi kuishiwa na kitu anachokichapa.

Hapo ndipo wachumi wale wawili walipoweka kidole chao. Madeni ya mabenki ya Iceland yalikuwa kwa sehemu kubwa ya Euro, ya Pauni na ya Dola, na Benki Kuu ya Iceland huchapa Krona. Mtu hujikuna ajipatapo, na mkono wa Benki Kuu ile haukuufikia mgongo uliokuwa ukiwasha. Akiba yake ya fedha za kigeni ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na madeni hayo, na hazina ya serikali, inayotegemea kodi za watu laki tatu, haikuwa na uwezo wa kubeba mzigo wa mabenki yaliyoizidi nchi yenyewe mara tisa. Wakahitimisha kwamba mambo manne hayakai pamoja: nchi ndogo, mabenki makubwa yenye biashara ya ng'ambo, fedha ya nchi peke yake, na hazina isiyokuwa na nafasi. Ushauri wao ulikuwa ama mabenki yahamishe shughuli zake za ng'ambo, ama nchi ijiunge na fedha ya Euro.

Sera ya riba nayo ilichangia. Benki Kuu ilipandisha riba ili kuzuia mfumuko wa bei, na mwezi wa Aprili 2008 ilikuwa imefika asilimia 15.5. Kwa desturi, riba ya juu huwafanya watu wapunguze kukopa. Katika nchi iliyofungua milango yote kwa fedha za nje, ilileta mambo mawili kinyume cha matarajio. Wageni wenye fedha walizileta Iceland kufuata riba hiyo, Krona ikapanda thamani kuliko ilivyostahili. Na raia nao, kwa kuikimbia riba ya nyumbani, wakakopa kwa Yen ya Japani na Faranga ya Uswisi ili wanunue magari na nyumba. Krona ilipokuja kupoteza karibu nusu ya thamani yake, deni la mtu wa kawaida, anayelipwa mshahara kwa Krona, likakaribia kuwa maradufu na hali yeye hakukopa hata senti zaidi.

Msaada ulitafutwa huku na huko. Mwezi wa Mei 2008 benki kuu za Sweden, Norway na Denmark ziliahidi Euro milioni 500 kila moja. Tarehe 24 Septemba, Benki Kuu ya Marekani ilipotangaza kuzipatia dola benki kuu za Australia, Denmark, Norway na Sweden, Iceland haikuwamo. Wiki mbili baadaye mambo yalikwisha. Benki Kuu ilipandisha riba hadi asilimia 18, Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.1 mwezi wa Novemba, na vikwazo vya kutoa fedha nje ya nchi vikawekwa. Vilikuja kuondolewa kwa sehemu kubwa mwezi wa Machi 2017.

Sasa tuirudie siri. Tunakubali kwamba ilikuwa na sababu. Ripoti inayosema benki haina mtu nyuma yake yaweza yenyewe kuwa ndiyo uvumi unaoivunja benki, na afisa mwenye busara hawezi kulipuuza jambo hilo. Lakini hebu tutazame upande wa pili. Mwaka 2006, Chama cha Wafanyabiashara cha Iceland kilimwagiza mchumi wa Marekani, Frederic Mishkin, aandike ripoti pamoja na mwenzake wa Iceland. Hao waliona kwamba uwezekano wa mabenki kuporomoka ni mdogo, na ripoti yao ikachapishwa na kusambazwa. Zote mbili ziliagizwa na wenye biashara. Iliyotuliza ikatangazwa, iliyotahadharisha ikafungiwa. Na huku imefungiwa, Landsbanki iliendelea kupokea amana za watu wa Uingereza na Uholanzi katika akaunti zilizoitwa Icesave. Benki ilipoanguka, waliokuwa na fedha humo walizidi 300,000, idadi inayolingana na ya raia wote wa Iceland. Serikali zao ziliwalipa, kisha zikaidai Iceland. Raia wa Iceland walikataa masharti ya malipo hayo kwa kura mara mbili, mwaka 2010 na 2011, na mwezi wa Januari 2013 mahakama ya EFTA ikawapa haki.

Baada ya maafa ndipo kila kitu kilipowekwa wazi. Tume maalumu ilitoa ripoti yake mwezi wa Aprili 2010, yenye kurasa zaidi ya 2,000, na waigizaji wa jumba la michezo la Reykjavik wakaisoma kwa sauti, usiku na mchana, mpaka ikesha. Waziri Mkuu wa wakati ule, Geir Haarde, alifikishwa mbele ya mahakama maalumu, na mwezi wa Aprili 2012 akaonekana na kosa moja: hakuitisha vikao vya Baraza la Mawaziri kuzungumzia mambo makubwa yaliyokuwa yakiikabili nchi. Hakupewa adhabu. Tungependa maafisa wetu wa ngazi zote waizingatie hukumu hiyo, maana haikuhusu rushwa wala wizi; ilihusu kutozungumza. Anne Sibert, kwa upande wake, aliitwa mwaka 2009 kuwa mjumbe wa kamati ya sera za fedha ya Benki Kuu ile ile.

Hata hivyo, hatuwezi kuukubali ushauri wao wote bila ya swali. Cyprus ni kisiwa pia, kilianza kutumia Euro mwaka 2008, na mabenki yake nayo yaliizidi nchi mara kadhaa. Mwezi wa Machi 2013 milango ya mabenki ilifungwa karibu wiki mbili, na wenye amana zilizozidi Euro 100,000 katika mabenki mawili makubwa walipoteza sehemu kubwa ya fedha hizo. Iceland, yenye Krona yake iliyoshuka, iliuza samaki na kupokea watalii kwa bei nafuu ikainuka. Kwa maoni yetu, basi, ukubwa wa mabenki ndio mzizi, na aina ya fedha huamua tu maumivu yatakuja kwa njia gani.

Wala Cyprus si mbali nasi kama inavyodhaniwa. Benki ya FBME ilisajiliwa Tanzania na kuwa na makao makuu Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa ya shughuli zake ilikuwa Cyprus. Mwezi wa Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani iliitaja kuwa inatiliwa shaka ya utakasaji wa fedha, Benki Kuu ya Tanzania ikaichukua chini ya usimamizi wake, na mwezi wa Mei 2017 ikaifutia leseni. Mwenye akiba ndogo alikuwa na kinga ya shilingi 1,500,000 tu kutoka Bodi ya Bima ya Amana. Kinga hiyo ilipandishwa hadi shilingi 7,500,000 mwaka 2023.

Zanzibar iliiacha rupia yake mwaka 1936, na leo mambo ya sarafu na mabenki ni ya Muungano. Lakini mazungumzo ya kuwa na fedha yetu wenyewe, au ya kuvifanya visiwa kuwa kituo cha mabenki ya kigeni, hurudi kila baada ya muda, na hatuoni ubaya kuyazungumza. Tunaloomba ni kwamba siku mpango wa namna hiyo utakapoletwa Barazani, uambatane na hesabu mbili zilizoandikwa na kuchapishwa: madeni ya mabenki hayo yatakuwa ya fedha gani, na akiba ya kuyalipa italala wapi.