Boti za Kasi: Je, Jina la Mtoto Wako Limo Katika Orodha?

Zamani safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilikuwa safari ya kuaga watu. Jahazi lilitegemea upepo, na upepo ukigoma abiria walilala baharini. Hata meli za injini zilizofuata zilikwenda taratibu, nyingine zikisafiri usiku kucha. Siku hizi mama anaweza kunywa chai ya asubuhi nyumbani kwake Kariakoo, akashuka bandarini Malindi kabla ya chakula cha mchana, akamjulia hali mdogo wake aliyejifungua, na jioni akarudi kulala kwake. Bahari ni ileile, yenye umbali wa kilomita 75 hivi kati ya bandari na bandari. Kilichobadilika ni chombo. Boti ya kasi huimaliza safari hiyo kwa muda wa saa mbili hivi.

Akina mama wenzangu, tusiidharau baraka hii. Mgonjwa anayepewa barua ya rufaa kutoka Unguja kwenda Muhimbili hafiki tena akiwa amechoka kwa usiku mzima wa mawimbi. Mfanyabiashara wa vitenge hulala nyumbani na watoto wake badala ya kulala bandarini. Misiba na arusi za pande mbili zimekuwa karibu. Watalii nao huvuka kwa wingi, na wengi wetu tunakula kutokana na safari zao: anayepika, anayefua mashuka hotelini, anayeuza karafuu na mdalasini.

Lakini mimi ni muuguzi, na kazi yangu imenizoesha kuuliza swali la pili. Tunapofurahia kufika upesi, je, tumejiandaa kufika salama?

Boti hizi zinakwendaje kasi hivyo?

Boti nyingi za kasi tunazopanda katika njia hii ni zile zenye miili miwili. Ukizitazama kwa mbele zikiwa gatini utaona kwamba chini kuna miili miwili membamba iliyo sambamba, na juu yake limeunganishwa jumba la abiria. Mwili mwembamba hupasua maji kwa urahisi kuliko tumbo pana la meli ya mizigo. Tena, miili hiyo ikiwa mbali kidogo mmoja na mwingine, chombo husimama imara bila kuyumba sana ubavuni. Wavuvi wetu waliijua siri inayofanana na hiyo tangu zamani, ndiyo maana ngalawa ina matengo mawili. Zaidi ya hayo, boti hizi huundwa kwa alumini, ambayo ni nyepesi kuliko chuma. Boti kadhaa za Kilimanjaro za kampuni ya Azam Marine, ambazo wasafiri wengi wanazifahamu, ziliundwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia.

Hata hivyo, wepesi una gharama yake. Chombo chepesi kikikutana na mawimbi makubwa kwa kasi hurushwa na kubamizwa. Kwa hiyo nahodha mwenye busara hupunguza mwendo bahari inapochafuka. Ukiona boti imepunguza kasi katikati ya safari, usinung'unike. Wahenga walisema: kawia ufike.

Kasi haiondoi hatari

Tunapozungumzia bahari yetu hatuwezi kuzisahau tarehe mbili. Ya kwanza ni usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ambapo MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Hiyo haikuwa boti ya kasi. Ilikuwa meli ya abiria na mizigo, yenye kibali cha kubeba abiria wasiofika 700. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 2,000.

Ya pili ni Julai 18, 2012. MV Skagit ilitoka Dar es Salaam mchana kuelekea Unguja, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe wakati upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu. Skagit ilikuwa boti ya kasi. Ilikuwa imeundwa mwaka 1989 kwa ajili ya jimbo la Washington nchini Marekani, kuvusha watu katika maji yaliyokingwa na nchi kavu. Huku kwetu ilikutana na bahari ya wazi, tena ikiwa na watu wengi kuliko ilivyokusudiwa, watoto wakiwamo. Baada ya ajali hiyo, waziri aliyeshughulikia uchukuzi Zanzibar alijiuzulu.

Tarehe hizi zinatufundisha kwamba bahari haiangalii boti ina kasi gani. Inaangalia kama chombo kinaiweza, na kama kimebeba watu kwa kiasi chake. Sisi abiria hatuwezi kukagua injini, lakini watu kuzidi kiasi ni jambo linalotuhusu moja kwa moja. Kila anayezidi ni mtu aliyekubali kupanda.

Kuandikwa si usumbufu

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Katika safari moja ya kwenda Unguja nilikaa karibu na mama kijana mwenye watoto watatu. Mkubwa alikuwa na tiketi yake, na mama alikuwa na yake. Wa katikati alikuwa amesimama katikati ya magoti ya mama, na mchanga alikuwa amepakatwa. Nilimuuliza kama hao wawili wameandikwa. Akacheka kwa upole, akasema, "Dada, hawa ni wadogo, hawachukui kiti. Wa nini kuandikwa?" Nilimwuliza tena: "Likitokea la kutokea, nani atajua kwamba ulipanda na watoto watatu?" Alinyamaza. Kisha alimwita mmoja wa mabaharia, na majina ya watoto wake yakaandikwa kabla kamba hazijafunguliwa.

Mama yule hakuwa mzembe. Alisema tu wanavyofikiri wengi wetu. Tunadhani orodha ya abiria ni ya kuhesabu nauli. Kumbe orodha hiyo ndiyo inayowaambia waokoaji watafute watu wangapi. Kama orodha ina majina 200 na wameokolewa 200, upo uwezekano wa kusimamisha msako. Mtoto ambaye hakuandikwa hatafutwi na mtu asiyejua kwamba yupo.

Tumeliona jambo hili hata ziwani. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mpaka leo watu huzungumza kwa kukadiria tu, kwamba waliokufa walizidi 800. Nyuma ya neno "kukadiria" kuna mama ambaye mwanawe hakupata hata kuhesabiwa miongoni mwa waliokufa.

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, shika mambo haya matatu unapokata tiketi:

1. Kata tiketi katika ofisi ya kampuni au kwa wakala wake anayejulikana, si kwa papasi anayekukimbilia getini. Tiketi ya mkononi mara nyingi ina jina la mtu mwingine.

2. Usisafiri kwa tiketi ya jirani aliyeahirisha safari. Likitokea jambo, msiba utapelekwa nyumbani kwake, na kwako watu watakaa wakikungoja.

3. Hakikisha kila mtoto ameandikwa, hata anayenyonya. Mtoto anaweza kusafiri bila kulipa nauli. Asisafiri bila jina.

Na kama ukifika ukakuta chombo kimejaa, watu wamesimama njiani na mizigo imeziba milango, rudi nyumbani. Najua ni vigumu. Huenda kuna maziko yanakungoja. Lakini aliye hai huchelewa akasamehewa.

Jaketi la mtoto

Mkishaketi, kabla hujafungua chakula, tafuta jaketi la kuokolea maisha liko wapi. Katika boti nyingine huwa chini ya kiti, na katika nyingine huwa kabatini. Msikilize baharia anapoonyesha namna ya kulivaa. Wengi wetu wakati huo tunatazama televisheni.

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Akiingia majini litapanda juu, limtoke kichwani, naye abaki chini. Mwombe baharia jaketi la mtoto mapema, wakati boti ingali gatini. Lifunge mikanda yote, kisha livute juu kwenye mabega. Likipita masikio, ni kubwa mno.

Jambo jingine ni kanga. Kumbeba mtoto mgongoni ni desturi yetu nzuri, lakini ndani ya boti mfungue umpakate kifuani. Aliyefungwa mgongoni hawezi kuvaa jaketi vizuri, na mama akielea kifudifudi au chali huenda asimwone wala kumfikia.

Tena, bahari ikichafuka, usiruhusu watoto wakae nje mbele ya boti kutazama mawimbi. Mapema mwaka 2014 boti ya kasi iliyokuwa ikitoka Pemba kwenda Unguja ilipigwa na wimbi kubwa karibu na Nungwi. Boti yenyewe ilifika bandarini, lakini baadhi ya abiria waliokuwa nje walisombwa na maji.

Roho ikichafuka

Kulewa bahari si ugonjwa wala si uoga. Sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho hayauoni, na ubongo unachanganyikiwa. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ndiyo huwasumbua wasafiri zaidi. Fanya hivi:

Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya safari, kama mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha. Tumbo tupu hutapika, na lililojaa hutapika zaidi. Epuka vyakula vya mafuta mengi.

Keti sehemu ya chini, katikati au nyuma, ambako chombo hakirushwi sana. Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Usisome, na usichezee simu.

Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Vidonge vya kuzuia kutapika hufanya kazi vikimezwa kabla ya safari. Ukivimeza ukiwa umeshaanza kutapika, vitatoka pamoja na chai. Vingi huleta usingizi, kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo peke yake afikiri kwanza. Mtoto asipewe dawa ya mtu mzima iliyokatwa nusu. Dawa ya promethazine, kwa mfano, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Uliza kliniki.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mkubwa aliyetapika apewe maji kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, na mkifika nchi kavu apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kama bado amelegea.

Mjamzito na mgonjwa

Mimba yenye afya katika miezi ya katikati kwa kawaida haizuiwi kusafiri. Lakini ukiwa unatokwa na damu, una shinikizo la damu, au umekaribia kujifungua, zungumza na mkunga wako kwanza. Ndani ya boti hakuna chumba cha kujifungulia, na katikati ya bahari hakuna pa kusimamisha gari. Beba kadi ya kliniki mkononi, si ndani ya begi lililokwenda kwenye mizigo. Ketini karibu na njia, na vaa viatu visivyoteleza.

Anayemsindikiza mgonjwa awajulishe mabaharia mapema. Watamwelekeza mahali pazuri pa kuketi, na mara nyingi watamsaidia kupanda kabla msongamano haujaanza.

Nahodha akisema hapana

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari upepo mkali na mawimbi makubwa yanapotarajiwa. Mara nyingine safari huahirishwa. Nimewahi kuona gatini abiria wakimzomea baharia kwa sababu boti haikuondoka, na miongoni mwao walikuwamo mama waliobeba watoto. Ndugu zangu, nahodha anayekataa kuondoka amewafanyia watoto wetu hisani ambayo hatutaiona, kwa sababu ajali isiyotokea haina picha gazetini. Mshukuruni, tafuteni chai, mpige simu kwa wanaowangoja.

Boti za kasi zimetupa muda. Muda huo hautoshi kulipia uhai wa mtoto mmoja. Basi safari ijayo tutumie dakika tano tu kati ya zile tulizookoa: jina liandikwe, jaketi lionekane, mtoto apakatwe mbele. Kisha tufurahie upepo wa bahari bila hofu, mpaka minara ya Mji Mkongwe ionekane.

Safari njema.